Tansiyo ya Mvua

Mkunga wa zahanati yetu pale Jabe alikuwa na usemi wake, na kila mwenye mimba aliyeketi mbele yake aliupata, aombe asiombe: wakati wa jua wanawake wananijia na vumbi kifuani, mvua ikianza wananijia na tansiyo. Alisema hivyo huku anakuzungushia kile kitambaa mkononi na kuminya ule mpira, fyu, fyu, fyu, mpaka vidole vinasahau ni vya nani. Sisi watu wa Bujumbura presha ya damu tunaiita tansiyo. Wabelgiji walituachia neno. Ugonjwa tulikuwa nao wenyewe.

Nilimwuliza sababu. Mi ni mtu wa sababu, nimesoma. Nimemaliza shule ya usiku kule Ngagara na cheti ninacho, ingawa naapa sikusoma hata usiku mmoja. Kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje giza likiingia, iliifanya shule ya usiku ianze saa tisa mchana, na mwalimu wa hesabu alitazama dirisha kuliko ubao. Jua likigusa paa la jirani tu, anafunga kitabu katikati ya hesabu na kutukimbia. Kuna hesabu mpaka leo sijui jibu lake. Kwa elimu yangu hiyo nilimtaka mkunga anieleze mvua ya juu inaingiaje kwenye mishipa ya mtu aliye chini. Akasema alifundishwa kwamba joto linalegeza mishipa na baridi inaikaza. Wengine wanasema ni chakula cha majira. Wengine wanasema ni woga. Yeye mwenyewe hajui; yeye anafunga kitambaa na kusoma, na mvua ikianza anasoma namba asizozipenda.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata mbuzi wa Jabe wote walikuwa rangi moja na wenyewe waliwatambua kwa sauti. Namba zangu zilikuwa nzuri. Mimba, ya kwanza, ilikuwa na miezi saba, na hata kwa hesabu za mwalimu wangu mkimbiaji niliona wazi kwamba mtoto atakuja mvua zikiwa zimeshika mji.

Mume wangu alikuwa Uvira. Mtu asiyejua Bujumbura atafikiri nasema mbali. Ukisimama ufukweni asubuhi, milima ya Kongo iko pale mbele, na siku yenye hewa safi mi niliweza kuona kuku wanaopita mlimani na kujua yupi ni jogoo. Yeye ni fundi wa injini. Alikwenda kufufua lori la mfanyabiashara mmoja, akasema atarudi upesi. Lori likafufuka, likafuata jingine, halafu njia ya Gatumba, ya kuvukia mpaka, ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, kama mlango wa nyumba ya mlevi. Simu za mkononi zilikuwa za mawaziri. Sisi wengine habari zetu zilisafiri kwa midomo ya watu.

Nyumba yetu ya Mutakura tulikuwa tumeihama asubuhi moja risasi zilipoanza, yeye kabeba godoro, mi nimebeba sufuria, na tukapanga chumba Jabe nyuma ya mafundi wa bati. Aliondoka kabla hatujawazoea majirani. Wazazi wangu walikuwa juu milimani, na kwenye barabara ya kwenda juu siku zile magari yalikuwa yanachomwa moto. Basi nikabaki peke yangu katika mtaa wenye watu wengi kuliko samaki wa ziwa zima. Nilikuwa nikiwachekesha wanawake pale bombani. Mwanamke mmoja alicheka hadi akamwaga ndoo yake, akajaza tena, akacheka tena, akaimwaga tena. Lakini ndoo zikijaa, kila mmoja anajitwika yake, anaingia kwake, anafunga mlango. Mi naingia kwangu, napika wali wa watu wawili kwa mazoea, nakula wa mmoja. Kipande cha mzaha kilichobaki namsimulia tumbo.

Mvua ya kwanza ikaja mchana, na Jabe yote ikatoka nje kuipokea. Watu walinyoosha mikono, mafundi wa bati wakaacha nyundo kwa kuwa mvua ilikuwa inawapigia bati bure. Mi peke yangu niliitazama kama mgeni aliyekuja na mizigo. Nilivaa sweta la mume wangu, nikajifunga vitenge viwili juu yake, nikaonekana kama furushi la mtu anayehama. Na chakula nacho kikabadilika. Wale ndagala, dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, wakati wa jua hukauka wenyewe juu ya mchanga. Mvua zikija hawakauki, wauzaji wanawamwagia chumvi wasioze, na sisi tunanunua chumvi yenye macho. Nilikuwa nakula hiyo kila siku, maana mtu wa peke yake hapiki vya kuchagua.

Haikupita muda miguu ikavimba mpaka ndala zikaomba ukimbizi. Kichwa kikaanza kupiga, nikasema mafundi wa bati wote wamehamia ndani. Mkunga akafunga kitambaa, akasoma, akafungua, akafunga tena mkono wa pili.

Akasema, kwa kipimo chetu kinachokata sifuri za mwisho, “Kumi na tano kwa kumi.”

Nikamwuliza nani kashinda, maana yalifanana na matokeo ya basketi. Hakucheka. Akaniambia chumvi basi, kazi basi, nilale kwa ubavu wa kushoto, nijikinge na baridi, na nirudi kwake kila baada ya siku mbili. Kisha akauliza bwana wangu yuko wapi, nikamwonyesha kwa kidole upande wa ziwa.

“Muite,” akasema. “Hii si tansiyo ya kulala nayo peke yako ndani ya nyumba. Siku utaanza kutetemeka, utashindwa hata kulia. Nani atajua?”

Nilirudi nyumbani polepole, na hilo “nani atajua” nikatembea nalo. Nilipitisha akilini sura zote za bombani, moja moja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti changu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akileta mawese sokoni Jabe kwa vidumu, na alimfahamu mume wangu kwa sababu gari alilopanda lilikuwa linamfia njiani kila mara na ndiye aliyekuwa akilifufua. Nilimkuta anafunga mizigo, mvua inamtishia, anatazama juu na kunitazama mimi kwa zamu. Nikamwambia kwa ufupi, kama mtu anayelipia kila neno: amwambie mume wangu tansiyo imepanda, yeye atajua la kufanya. Akairudia ili asisahau. Tansiyo imepanda. Akaenda.

Nikangoja. Kila aliyepita mbele ya mlango alikuwa na mwendo wa mume wangu, hata waliokuwa wanachechemea, hata mama mwenye nyumba. Nilifagia chumba, kisha nikakumbuka nimekatazwa kufagia, nikalala, kisha nikaamka kutazama kama nilifagia vizuri.

Mama wa mawese alirudi na mfuko mzito. Aliukalisha mlangoni akajipangusa uso.

“Amesikia,” akasema. “Amesema kama tansiyo imepanda, hawezi kuya sasa. Atangoja itulie kwanza.”

“Itulie yenyewe?”

“Ni vile alisema, dada. Na we usitoke inje. Ulale chini, usikae karibu ya dirisha. Na ametuma hii bintu.”

Nilimshukuru, akaenda zake. Nilikaa chini na maneno ya mume wangu nikayageuzageuza kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Ulale chini: hapo nilishangaa, nikasema huyu fundi wa malori amejuaje mambo ya ukunga? Usikae karibu ya dirisha: hapo nikakaribia kulia kwa furaha, maana niliona anafikiria ule upepo wa mvua usinipige. Lakini atangoja itulie. Mtu anangoja itulie ndiyo aje kumwona mkewe? Ikikataa kutulia je?

Kisha nikafungua mfuko. Maharage. Mishumaa. Viberiti. Na chini kabisa, imefungwa vizuri kwa mkono wake, chumvi. Chumvi ya kutosha kuanika ng’ombe. Mi niliyekatazwa hata kuilamba, mume wangu ananitumia chumvi kutoka nchi ya pili.

Bombani nilijikongoja siku iliyofuata, nikawaambia wanawake kwamba mume wangu ameamua kunikausha kama ndagala, anipate nikiwa sijaoza. Walicheka sana. Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalala kwa ubavu wa kushoto. Ubavu wa kushoto ulikuwa unanielekeza ukutani. Ukuta ule niliujua kuliko ninavyoujua uso wangu: ulikuwa na ufa ulioanzia juu kama mto Rusizi na kugawanyika katikati. Mvua ilipiga bati juu yangu mchana kutwa, na chini ya kelele ile sikuweza kusikia hata redio, wala hatua za mtu, wala mimi mwenyewe nikiongea. Nilikuwa naongea, midomo ilikuwa inacheza. Nilikuwa namwuliza maswali yule wa Uvira.

Mara iliyofuata mkunga alisoma kumi na sita kwa kumi na moja. Hakuniambia usemi wake wa mvua. Aliniambia nikirudi na namba hiyo tena ananipeleka hospitali, na kwamba hapendi mtoto kuzaliwa na mama ambaye hajui amezaa. Ugonjwa huu ukifika mwisho wake, mwanamke anaanguka kifafa, na akizinduka, kama anazinduka, anasimuliwa yaliyotokea.

Mama mwenye nyumba alikuwa bibi Mwislamu, mtoto wa mji kwa miaka mingi, mkali wa sauti, anayeamini wapangaji wote wanataka kumharibia choo. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Siku hiyo alikuja kuniomba chumvi. Mvua ilikuwa imemzuia kwenda sokoni, na mboga iko jikoni. Nikamwambia achukue yote, mfuko mzima, mi nimekatazwa. Akaufungua, akatazama ndani, akatoa mshumaa, akatoa kiberiti, akavipanga sakafuni.

“Nani alikuletea hivi?”

“Bwana.”

“Ulimwambia nini?”

Nikamweleza: tansiyo imepanda. Bibi akaketi juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa, bila kukaribishwa, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyefeli.

“Mutoto wangu, hizi si zawadi za mugonjwa. Hivi ndivyo mi naingiza ndani redio ikisema tansiyo imepanda huko juu, Kamenge, Kinama, Mutakura. Huyu anakutumia vitu vya vita.”

Naapa nilisikia ubongo wangu ukigeuka ubavu. Kila asubuhi ya miaka ile redio ilisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa: tansiyo imepanda katika mitaa ya kaskazini, tansiyo imeshuka kidogo. Maana yake bunduki. Maana yake walioko nje ya mji wabaki huko huko, walioko ndani walale chini, wakae mbali na madirisha, waweke akiba ya mishumaa na chumvi. Mume wangu alikuwa amefanya kila kitu ambacho mume mwema wa Bujumbura anapaswa kufanya. Aliogopa risasi kwa niaba yangu, huko ng’ambo, pengine hakula siku nzima. Na mi nilikuwa nimelala chini, mbali na dirisha, nikimtii vizuri sana, nikifa kwa jambo jingine.

Nilicheka. Bibi naye alicheka, akashika mbavu. Kisha mi sikuweza kuacha, na kikawa si kicheko tena, na bibi akanisogelea akanishika bega.

Sasa tukatafuta neno. Nikasema tumtumie kwamba damu imepanda. Bibi akasema ukimtajia damu, atakufa kabla ya kufika Gatumba. Nikasema basi presha, kama wanavyosema Watanzania. Lakini nilimjua mume wangu: kwa fundi wa malori presha ni ya magurudumu, atanitumia pampu. Nikasema hali ni mbaya. Bibi akasema hali ni mbaya tangu mwaka ule vita ilipoanza, hiyo si habari. Kila neno tuliloshika tulikuta vita imelivaa kabla yetu. Mwishowe bibi akachukua mwavuli wake, akaenda sokoni mwenyewe kwenye matope, akarudi na mama wa mawese wakibishana kuhusu nani kamchafulia nani nguo.

Mama wa mawese akasimama mlangoni, akatega sikio. Alinijua mimi ni mtu wa vichekesho. Niliona uso wake umeshajiandaa kucheka.

“Mwambie muke wake ni mugonjwa,” nikasema. “Mwambie naogopa. Niko peke yangu.”

Akangoja. “Ni hivyo tu?”

“Ni hivyo tu.”

Sikuwa nimewahi kuyasema hayo mbele ya mtu, hata mbele ya ukuta wenye ufa. Mama wa mawese aliondoka bila kufunga kilemba chake vizuri.

Kisha Rusizi ukafurika. Maji yalikaa juu ya barabara ya Gatumba, wakasema mahali pengine yanafika kifuani, na mi nilipowasimulia wengine baadaye yalikuwa yamefika kwenye waya za umeme. Hakuna aliyepita, kwenda wala kuja. Sikujua kama ujumbe ulivuka au ulibaki umekaa juu ya vidumu upande huu wa maji.

Asubuhi moja niliamka nikaona nyota ndani ya chumba, ndogo ndogo, zinaogelea mbele ya ufa wa ukuta. Nilimwita bibi kwa kugonga sufuria, maana sauti yangu haikuishinda mvua. Akaja na teksi iliyokuwa inavuja kama kikapu. Zahanati hawakupoteza muda. Mkunga alisoma mara moja, akapanda nasi, akawa ameshika mkono wangu njia nzima kama vile namba zingekimbia. Hospitali walinichoma sindano inayochoma mwili mzima kama pilipili, wakaanzisha uchungu kabla ya siku zake. Kuzaa kwenyewe sina mengi ya kusema. Nakumbuka dari. Nakumbuka niliuliza mara nyingi kama nimeshatetemeka, wakasema bado mama, bado. Alikuwa msichana, mdogo, mwenye hasira, mzito kama mkate wa jana. Alilia. Mi nilikuwa najua kwamba nimezaa.

Kwetu mgonjwa halali hospitali bila mtu wake wa kumlinda, anayempikia, anayemfulia, anayelala chini ya kitanda chake. Kitanda cha kulia kilikuwa na dada wawili na shangazi; cha kushoto mama mkwe aliyeleta jiko. Bibi alikuja mchana na uji, lakini kuvrefe ilimrudisha Jabe mapema. Yule mama mkwe wa kitanda cha kushoto alinimiminia chai bila kuuliza, na shangazi wa kulia alimfunika mtoto wangu alipojifunua. Niliwashukuru, nikawatolea vichekesho viwili vitatu kama malipo. Kisha walirudi kuongea na watu wao, na mi nikasikiliza maongezi ya familia mbili kwa wakati mmoja. Mvua haikukoma. Lakini namba zilianza kushuka, polepole, mvua inanyesha hivyo hivyo, na daktari hakunieleza kwa nini, wala mi, mtu wa sababu, sikumwuliza.

Alikuja siku ya tatu, saa za jioni, matope yamemfika kiunoni na kukauka, kama mtu aliyechovywa. Alikuwa amezunguka maji kwa mguu, sehemu nyingine amevushwa mgongoni mwa watu wanaofanya kazi hiyo, na bibi wa Jabe ndiye aliyemwelekeza hospitali. Nilikuwa nimemwandalia vichekesho mia, nilivitunga vyote kwa ubavu wa kushoto. Vyote vilinikimbia. Alisimama mwisho wa kitanda akamtazama mtoto, akatazama mikono yake yenye matope, akaificha mgongoni.

“Ulikuwa na nani?” akaniuliza.

“Na watu wa watu,” nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Alianza kusema kitu kuhusu njia, akaacha. Akasema mama wa mawese alimfikishia maneno yangu vilevile, bila kuongeza. Akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wangu, na tukakaa hivyo, na shangazi wa kulia akageukia upande mwingine kwa adabu.

Haikuchukua muda mlinzi wa mlango akaja kuwatoa wanaume. Mume wangu akaomba alale chini ya kitanda, kama wanaowalinda wagonjwa wengine. Akaambiwa hii ni sale, yaani wodi, ya wazazi, mwanaume halali humo. Kwenda Jabe haiwezekani tena, kuvrefe imeshaingia. Walijadiliana naye kwa muda, kisha wakamruhusu akae barazani, upande wa nje wa ukuta wetu. Nilisikia akivuta kitu cha kukalia. Nikasikia akimweleza mlinzi habari za lori lililomfia Uvira, ni nini kilivunjika na alikitengenezaje, kwa sauti ndefu ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. Sikuyasikia maneno vizuri. Nilimsogeza mtoto, nikageukia upande ule.